Uvimbe Si Jina la Ugonjwa

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, aje amtazame mtoto wa miaka mitano. Mtoto alikuwa amevimba taya la juu na la chini, kulia na kushoto. Burkitt alimpima, akampiga picha, akaondoka na fumbo. Kama ni usaha, huanzia kwenye jino moja bovu. Mbona hapa pamevimba pande nne kwa mpigo? Kama ni saratani, nayo kwa kawaida huota mahali pamoja kwanza ndipo isambae. Wiki chache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Safari hii alimkagua mwili mzima, akakuta na tumboni mna mavimbe.

Burkitt aliporudi Mulago alifukua majalada ya zamani. Watoto wa namna hiyo walikuwa wakija miaka yote. Ila mmoja aliandikwa uvimbe wa taya, mwingine uvimbe wa figo, mwingine wa ovari, mwingine wa ini. Kila uvimbe ulipewa jina la kiungo ulikoonekana, na wingi wa majina ukaficha kwamba ugonjwa ni mmoja.

Kisa hiki kinabeba hoja yangu yote. Kabla ya dawa huja jina, na jina likikosewa anayelipa ni mgonjwa. Sisi tumezoea kurudi nyumbani kutoka hospitali na neno moja mkononi: “wamesema ni uvimbe”, “ni kidonda tu”, “ni kijipu”. Ndugu wanapokea, wanapiga dua, wanachanga fedha. Lakini uvimbe si jina la ugonjwa. Ni jina la kitu kinachoonekana, na nyuma yake kunaweza kuwa na mambo ishirini yasiyofanana kwa chanzo, kwa tiba, wala kwa mwisho wake.

Madaktari wana neno moja pana kwa mambo haya yote, lenye asili ya Kilatini, ambalo maana yake ni kuumizwa. Kiswahili kina neno linalolikaribia sana: dhara. Wengi wetu tunalijua kwa wingi wake, madhara, lakini umoja wake upo na unafaa. Dhara la tishu ni badiliko lolote lisilo la kawaida katika sehemu ya mwili. Lengelenge la moto ni dhara. Chunjua kidoleni ni dhara. Kovu lililoachwa na kifua kikuu kwenye pafu ni dhara, na vivyo hivyo sehemu ya ubongo iliyokufa baada ya kiharusi. Kwa hiyo neno lenyewe halitishi wala halifariji. Mtu aliyepewa majibu ya picha ya CT yanayosema kuna dhara kwenye ini hajaambiwa kwamba ana saratani, wala hajaambiwa kwamba hana. Ameambiwa kuna mahali pamebadilika. Kazi ndiyo kwanza inaanza.

Kazi hiyo ni ya kuuliza maswali kwa mpangilio. Liko wapi? Lina sura gani? Limefika kina gani? Limetokana na nini? Seli zake ni za aina gani? Utabibu umechukua karne nyingi kujifunza kuuliza hivyo. Mwaka 1761 Giovanni Battista Morgagni wa Padua, Italia, mzee wa miaka 79, alichapisha matokeo ya uchunguzi wa maiti zipatazo 700, akalinganisha alichokiona ndani ya mwili na yale mgonjwa aliyoyalalamikia alipokuwa hai. Tangu hapo daktari alilazimika kuuliza ugonjwa umekaa wapi, badala ya kuridhika na maelezo ya kuchafuka kwa damu na nyongo. Miaka arobaini baadaye Xavier Bichat wa Paris, bila kutumia hadubini, alionyesha kwamba viungo vimefumwa kwa tishu, akazihesabu aina 21, na kwamba tishu moja huugua namna moja popote ilipo. Mwaka 1858 Rudolf Virchow wa Berlin alisogeza swali hadi kwenye seli. Kiungo, tishu, seli: kila hatua ilipunguza ubahatishaji.

Ngozi ndiyo darasa la kwanza, kwa sababu dhara lake linaonekana kwa macho. Robert Willan, daktari wa London, alianza kuchapisha mwaka 1798 kitabu kilichogawa magonjwa ya ngozi katika mafungu manane kwa kufuata sura: vipele, magamba, wekundu uliotapakaa, malengelenge makubwa, vipele vya usaha, malengelenge madogo, vinundu na mabaka. Alichofanya kilikuwa rahisi na kikubwa. Aliwataka madaktari wakubaliane kwanza juu ya kile wanachokiona, ndipo wabishane juu ya chanzo chake. Mpangilio wake, uliorekebishwa na wengi, bado ndio unaofundishwa. Badiliko bapa la rangi, dogo kuliko sentimita moja, ni doa. Likizidi hapo ni baka. Kilichoinuka na kuwa kigumu ni kipele; kilichozama chini ya ngozi ni kinundu; chenye majimaji ni lengelenge. Vitabu vingine huweka mpaka kwenye nusu sentimita. Mipaka hiyo ni makubaliano ya watu, na thamani yake ni kwamba muuguzi wa Kigoma akiandika neno, daktari wa Dar es Salaam analisoma na kuona kitu kilekile.

Kina kina uzito kuliko upana. Mchubuko umeishia kwenye ngozi ya juu na hupona bila kovu. Donda limetoboa hadi ngozi ya ndani, na likipona huacha alama. Katika mazungumzo vyote tunaviita vidonda, na kwa mtu mwenye afya pengine hakuna hasara. Kwa mwenye kisukari hasara ni mguu. Ndiyo maana vidonda vya miguu ya wenye kisukari hupangwa kwa madaraja. Mpangilio mmoja unaotumika sana huanza na sifuri, ngozi ikiwa bado nzima lakini mguu uko hatarini, hupanda kupitia kidonda cha juujuu, kidonda kilichozama na kidonda chenye usaha au mfupa uliooza, na huishia kwenye tano, mguu mzima ukiwa umekufa. Anayefunga bandeji juu ya daraja la tatu akidhani anatibu daraja la kwanza anaweza kuwa mwangalifu, msafi na mwenye huruma, na bado mguu ukapotea.

Wahenga wetu nao waliainisha. Jina “mkanda wa jeshi” ni mfano ninaoupenda. Kirusi cha tetekuwanga, baada ya mtoto kupona, hujificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu. Miaka mingi baadaye kinaweza kuamka na kushuka kwa kufuata mshipa mmoja, na malengelenge yakajipanga upande mmoja wa mwili kama mkanda. Wagiriki waliuita ugonjwa huo kwa neno lao lenye maana hiyohiyo, mkanda, na kitabibu bado unaitwa hivyo. Watu wa lugha mbili zisizojuana waliona jambo moja: hapa kinachotambulisha ugonjwa ni mpangilio wa malengelenge mwilini. Hawakuwa na hadubini. Walikuwa na macho, na waliyatumia.

Macho hayo, hata hivyo, hufundishwa, na yanaweza kufundishwa vibaya. Tangu Celsus wa Roma, karibu miaka elfu mbili iliyopita, madaktari wamekariri dalili nne za tishu iliyoumia: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Dalili ya kwanza iliandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza kuonekana kama zambarau, kahawia iliyokolea, au weusi uliozidi weusi wa jirani. Mwanafunzi aliyejifunza kwa picha za Ulaya peke yake anaweza kumtazama mgonjwa wa Mwanza na asione kitu. Mwaka 2020 mwanafunzi wa udaktari jijini London, Malone Mukwende, mzaliwa wa Zimbabwe, pamoja na walimu wake, walitoa kijitabu cha picha zinazoonyesha dalili jinsi zinavyokuwa kwenye ngozi nyeusi. Kwamba kilihitajika mwaka 2020 ni jambo la kutufikirisha, maana uainishaji wote wa ngozi huanza na kile jicho lilichozoezwa kukiona.

Yapo madhara ambayo jicho halitoshi kuyatambua, na ukoma ndio mwalimu wa jambo hilo. Baka la choa huwasha. Baka la ukoma mara nyingi haliwashi wala haliumi. Ukiligusa kwa ncha ya pamba mgonjwa akiwa amefumba macho, hajui umegusa wapi. Ukimya huo ndio hatari yake. Mtu haendi hospitali kwa kitu kisichomsumbua, na siku anapokwenda, mishipa ya fahamu imekwisha kufa na vidole vimeanza kupinda.

Gerhard Armauer Hansen aliwaona bakteria wa ukoma mwaka 1873 huko Bergen, Norwei. Mwaka 1966 wataalamu wawili, Ridley na Jopling, waligawa ugonjwa katika makundi matano kwa kufuata jinsi mwili unavyopambana. Upande mmoja yuko mgonjwa mwenye kinga kali, mabaka machache na bakteria adimu; upande wa pili yuko ambaye kinga yake haiwatambui kabisa, ngozi imejaa vinundu na bakteria wasiohesabika. Ni mpangilio wenye maarifa makubwa, na kwa mtafiti hauna mbadala. Lakini unahitaji kinyama cha ngozi, hadubini na mtaalamu, na ukoma uko vijijini ambako mara nyingi vitatu hivyo havipo.

Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha tiba ya mseto mwaka 1982, lilipunguza makundi hadi mawili: wenye bakteria wachache na wenye bakteria wengi. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1990, njia ikarahisishwa zaidi: hesabu mabaka. Moja hadi matano, kundi la wachache, tiba ya miezi sita. Sita au zaidi, kundi la wengi, miezi kumi na miwili. Kipimo cha maabara kikiwaonyesha bakteria, mgonjwa huhesabiwa kundi la wengi hata kama ana baka moja. Tangu 1995 dawa hizo, rifampisini, dapsoni na klofazimini, hutolewa bure duniani kote. Ninauheshimu sana uamuzi huo. Waliofanya hivyo walijua kwamba wanapoteza usahihi fulani, lakini walipata kitu ambacho muuguzi wa zahanati anaweza kukifanya kwa macho, pamba na kuhesabu. Mamilioni ya watu wamepona kwa njia hiyo. Mpangilio mzuri wa kitabibu ni ule unaomfikia mgonjwa alipo.

Nyakati nyingine, ingawa, hakuna njia ya mkato, na hapo tunarudi Mulago. Mwaka 1958 Burkitt alichapisha maelezo ya ugonjwa wa wale watoto akiuita sarkoma, yaani saratani ya tishu zinazoshikilia mwili, kama mifupa na misuli. Jina hilo lilikuwa na matokeo. Sarkoma ya taya hukatwa, na daktari wa upasuaji anayekata taya za mtoto wa miaka mitano humwachia uso usiorudi, huku uvimbe ukiota upya. Wanapatholojia wa hukohuko Kampala, Gregory O'Conor na Jack Davies, walitazama vinyama vya watoto hao kwenye hadubini. Waliona seli za limfu zimejazana kama mchanga, na katikati yake, hapa na pale, seli kubwa nyeupe zinazosafisha mabaki ya zilizokufa. Sura hiyo hufananishwa na anga la usiku lenye nyota. Haikuwa sarkoma. Ilikuwa limfoma, saratani ya seli za kinga zenyewe, na kufikia 1961 jina jipya lilikuwa limechapishwa.

Jina lilipobadilika, tiba ilibadilika. Limfoma husikia dawa. Burkitt alianza kuwapa watoto dawa za saratani za wakati ule, methotreksati na siklofosfamidi, na mavimbe yakayeyuka ndani ya siku chache. Baadhi ya watoto hao walipona kabisa, jambo ambalo kisu kilikuwa kimeshindwa kulifanya. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliendesha gari kuukuu maili zipatazo 10,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi, wakionyesha picha za wagonjwa katika hospitali za njiani na kuuliza: mnawaona watoto wa namna hii? Ramani waliyoichora ilifuata joto na mvua, ukanda uleule wa malaria kali. Vinyama kutoka Kampala vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi walichokikuta ndani ya seli za uvimbe huo, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Mlolongo wote huo ulianza kwa mtu kukataa kuridhika na neno uvimbe.

Uainishaji huuliza pia jambo la wakati: dhara hili liko mbali kiasi gani na kuwa saratani? Mwanamke anayekwenda kupimwa shingo ya kizazi katika vituo vingi vya Tanzania na Kenya hupakwa siki, yaani asidi asetiki nyepesi. Baada ya dakika moja hivi, tishu yenye seli zilizobadilika hugeuka nyeupe. Baka hilo jeupe kwa kawaida bado si saratani. Ni hatua iliyo kabla yake, iliyoletwa mara nyingi na kirusi cha papiloma, nayo hupangwa kwa madaraja matatu kulingana na kina cha seli zilizoharibika. La kwanza mara nyingi hupona lenyewe. La tatu likiachwa linaweza, baada ya miaka, kuvunja ukuta na kuwa saratani kamili. Baka linalofaa linaweza kuchomwa kwa joto au kugandishwa palepale kituoni, na mama akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Wanawake wengi hukimbia kipimo hiki kwa hofu ya kuambiwa wana saratani, ilhali kazi yake hasa ni kuliona dhara kabla halijapata jina hilo.

Hapa yafaa kutenganisha maneno mawili yanayochanganywa sana kwenye foleni za wagonjwa: daraja na hatua. Daraja ni tabia ya seli, jinsi zilivyoacha kufanana na seli za kawaida na kasi zinayogawanyika. Hatua ni mahali ugonjwa ulipofika. Pierre Denoix, daktari wa upasuaji wa Kifaransa, alianza katika miaka ya 1940 kujenga mpangilio wa hatua unaotumika hadi leo, unaouliza mambo matatu: uvimbe wa mwanzo una ukubwa gani, umefika kwenye tezi za limfu za jirani, na umeruka kwenda viungo vya mbali? Seli zenye daraja baya zinaweza kukamatwa katika hatua ya mwanzo, na zenye daraja la upole zikaachwa hadi hatua ya nne. Mgonjwa anayejua lipi kati ya hayo aliloambiwa ana nafasi ya kuuliza vizuri na kuamua vizuri.

Gharama ya jina lililochelewa tunaijua hata kwa watu mashuhuri. Bob Marley alikuwa na kidonda chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia, kikahesabiwa kuwa jeraha la mpira. Mwaka 1977 ikagundulika ni melanoma, saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Kwa watu weusi melanoma si ya kawaida, lakini inapotokea hupenda mahali ambapo hatutazami: nyayo, viganja, chini ya kucha. Doa jeusi la unyayoni linalokua au kubadilika linastahili jicho la mtaalamu, hata kama umeambiwa ni sugu ya kiatu.

Haya yananipeleka kwenye jambo linaloniuma. Katika hospitali zetu nyingi uvimbe hukatwa, mgonjwa hushonwa, na kinyama hutupwa. Pengine maabara ya patholojia iko mkoa mwingine, pengine ndugu hawana fedha ya kipimo, pengine daktari amekiangalia kwa macho akaona ni mafuta tu. Mara nyingi huwa kweli ni mafuta. Ila mara ambapo si mafuta, ushahidi wote umekwenda kwenye ndoo, na mgonjwa anarudi baada ya mwaka akiwa na uvimbe mahali palepale na mwingine kwapani. Wanapatholojia ni wachache mno kwa ukubwa wa nchi zetu, na serikali inayojenga vyumba vya upasuaji bila kuwasomesha watu wa kusoma kinachokatwa humo imejenga nusu ya hospitali.

Sehemu ya kazi hii, hata hivyo, iko mikononi mwa familia. Ukipeleka mzazi au mtoto kukatwa uvimbe, muulize daktari kabla ya siku yenyewe: kinyama kitapelekwa maabara gani? Kitawekwa kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze? Majibu yatatoka lini, na nani atayafuata? Siku majibu yakitoka, omba karatasi, lisome jina la ugonjwa, daraja lake na hatua yake, na kama hulielewi omba usomewe. Kisha itunze karatasi hiyo pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Burkitt alilitambua fumbo la Mulago kwa sababu kulikuwa na majalada ya kufukua. Mtu fulani, kabla yake, aliona kila mtoto anastahili kuandikwa.